Nyumbani Wanasemaje?

Chuoni, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, tulikuwa na kipindi cha saa mbili ambacho hata mwalimu mwenyewe alikifundisha akipiga miayo. Kwenye ratiba kiliandikwa Sosholojia na Saikolojia katika Uuguzi. Sisi tulikiita kipindi cha usingizi. Tulikuwa na anatomia, tulikuwa na hesabu za dozi zilizowaliza watu wazima, tulikuwa tunajifunza kuchoma sindano kwenye machungwa. Nani alikuwa na nafasi kichwani ya kumweka Talcott Parsons, mwanasosholojia wa Marekani, na mambo yake ya mwaka 1951? Nikakariri tu: mgonjwa ana haki mbili na madeni mawili. Haki ya kupumzishwa kazi zake, na haki ya kutolaumiwa kwa kuugua. Deni la kutaka kupona, na deni la kumtafuta mtaalamu na kumsikiliza. Nikapata B. Nikatoka nayo chumba cha mtihani, nikaiacha hapo mlangoni.

Nimeikumbuka wiki hii kwa sababu mwanafunzi aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo ameniuliza, tukiwa tunaviringa pamba, "Sista, hivi lile somo lina kazi gani huku wodini?" Nikamjibu kwa kifupi kwamba lina kazi. Jibu refu ndilo hili.

Masika ya 2010, mwaka wangu wa pili kazini. Wodi ya watoto, hospitali ya wilaya huku mwambao, jina lake nalihifadhi. Vitanda 24, watoto 41, na zamu ya usiku tuko wawili: mimi na mhudumu mmoja mwenye mgongo mbovu. Kama saa saba usiku wakaingia wanawake wawili wamelowa chapachapa. Mama kijana, na bibi aliyembeba mtoto mgongoni, mtoto kafunikwa kaniki gubigubi. Nikaifunua. Mtoto wa kiume, mwaka na nusu hivi, macho yamegeuka juu, mkono wa kushoto unarukaruka, mwili unawaka.

Nilichosema nakikumbuka neno kwa neno. "Imeanza lini?" Mama akatazama chini. Bibi ndiye aliyejibu: "Tangu juzi jioni, mwanangu." Nikapandisha sauti wodi nzima ikaamka: "Juzi! Mkampeleka kwa mganga kwanza, sio? Mtoto mnammaliza wenyewe, halafu mje kutulaumu sisi!" Sikumsalimia. Mwanamke yule alikuwa rika la bibi yangu mzaa mama, na shikamoo haikunitoka.

Alipoona sindano akaweka mkono juu ya paja la mtoto. "Hapana. Hii degedege. Ukimchoma anaondoka." Nikautoa mkono wake. Nikaivuta ile kaniki, nikaitupa chini ya kitanda. Nikachoma, nikaweka dripu ya kwinini, nikamwita daktari wa zamu, tukafanya yote yaliyoandikwa kwenye mwongozo. Mtoto akafa kabla ya adhana ya alfajiri.

Mama alianguka chini, wenzake wa vitanda vya jirani wakamshika. Bibi hakulia kwanza. Aliinama, akaitoa kaniki chini ya kitanda, akaikung'uta, akaikunja mara nne. Ndipo akaniambia, kwa upole kabisa, "Si nilikwambia, mwanangu."

Ningependelea anitukane.

Kwa msomaji asiye wa Pwani: dege ni ndege mkubwa, na wazee wa huku wanasema yule anayempata mtoto si ndege wa kawaida. Ni shetani mwenye umbo la ndege, anapita usiku, na mtoto anayepitiwa naye ndiye anayekakamaa, anayetoa povu, anayerusha miguu. Dawa yake iko nyumbani: majani ya kuogeshwa, moshi wa kinyesi cha tembo, nguo nyeusi ya kumfunika, ndiyo kaniki. Homa ni ya hospitali, degedege ni ya mganga. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta hayohayo: wazazi wanaoijua malaria vizuri sana, wanaokuja zahanati kwa homa bila kuambiwa, lakini degedege wanaihesabu ugonjwa mwingine kabisa, na sindano kwa mtoto mwenye degedege wanaiona ni hukumu ya kifo.

Tulifundishwa kuliita jambo hili imani potofu. Mimi nimelitafakari miaka mingi, na siku hizi naliita hesabu. Hebu kaa kijijini uhesabu. Mtoto anayewahi zahanati anapewa vidonge, anarudi nyumbani kabla ya jua kuzama, hakuna anayemkumbuka. Anayechelewa siku mbili, akafika hana fahamu, ndiye anayechomwa. Katika hao wa mwisho wengi wanakufa, kwa sababu vimelea vimeshajaa kwenye ubongo na sukari imeshashuka. Sasa wewe uliyebaki kijijini umeona nini? Umeona sindano, kisha jeneza. Bibi yule hakuwa mjinga. Alikuwa na takwimu zake, zimekusanywa kwa macho, na mimi usiku ule nilimwongezea moja. Najua kwa hakika kwamba ilisimuliwa msibani, na mama fulani aliyekuwa amekaa mkekani pale akaiweka moyoni hadi siku ya mwanawe.

Dawa zenyewe zimeboreshwa tangu wakati ule. Mwaka 2010 huohuo yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo: waliopewa artesuneti walikufa asilimia 8.5, waliopewa kwinini asilimia 10.9. Ndiyo maana leo hatushiki tena dripu ya kwinini kama zamani. Nilipoyasoma nilifurahi, kisha nikajiuliza swali la kishamba: hawa wote 5,425 walifika hospitali. Yule aliyebaki nyumbani ndani ya kaniki yumo kwenye asilimia ipi?

Lakini kilichonisumbua zaidi ni ile sauti yangu. Kwa nini nilikuwa mkali vile? Watu mitandaoni wanaandika manesi hatuna utu, na wenzangu wanajibu kwamba tuna kazi nyingi na mshahara mdogo. Yote mawili nimeyachoka. Kazi nyingi inaeleza kwa nini nimechelewa kukuhudumia. Haielezi kwa nini nimekutukana.

Kuna mwanamke aliitwa Isabel Menzies, mtaalamu wa saikolojia wa London, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 aliitwa na hospitali moja ya kufundishia pale London kuisaidia kupanga kazi za wauguzi wanafunzi bila kuvuruga masomo yao. Karibu theluthi moja yao walikuwa wanaondoka bila kumaliza. Alichokiona ni kwamba hospitali nzima ilikuwa imepangwa ili muuguzi asimwone mgonjwa. Kazi zimekatwa vipandevipande, huyu joto, yule kitanda, mwingine dawa, kusudi pasiwe na anayekaa na mtu mmoja muda wa kutosha kumpenda. Na wagonjwa walikuwa hawaitwi majina: walikuwa "ini la kitanda namba 10". Menzies alisema hiyo ni ngome dhidi ya hofu. Ukimjua jina, ukimjua na mama yake, kifo chake kitakurarua, na kesho una zamu tena.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Sisi tunakabidhiana zamu hivi: "Namba 6 degedege, namba 9 kuhara, namba 12 moto." Hakuna aliyetufundisha. Hatujawahi kufika London. Tumeivumbua wenyewe, kwa hofu ileile.

Na liko la pili, ambalo kulisema ni aibu. Mwaka 1998 Rachel Jewkes na wenzake walichapisha waliyoyaona kwenye leba za Afrika Kusini, wauguzi wakiwatukana na hata kuwapiga wajawazito, na katika sababu walizozitaja ipo hii: muuguzi anajitenga. Ametoka kwenye umaskini uleule wa huyo aliyelala kitandani, amepanda ngazi moja tu, na anapomkemea anajihakikishia kwamba yeye yuko juu. Mimi ni mtoto wa mkulima wa mihogo. Nyumba tuliyokulia ilikuwa ya makuti. Harufu ya kaniki ile naijua, kwa sababu na mimi nilifunikwa nayo. Mama anasema nilikuwa na miaka miwili, nikafukizwa, nikapona. Niliyemkaripia usiku ule, nikimtazama vizuri, alikuwa amekuja kunikumbusha nilikotoka, mbele ya wodi nzima, na mimi nimevaa sare nyeupe niliyoitafutia ada kwa shida.

Naomba nitoke kidogo nje ya mada, kwa sababu jambo hili hunifurahisha kila nikilifikiria. Uingereza, hadi miaka ya 1950, mtoto akilazwa mzazi alikuwa anaruhusiwa kumwona kwa saa chache sana. James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi palepale Tavistock, kituo cha saikolojia cha London, alipokuwa Menzies, akapiga filamu ya mtoto wa kike wa miaka 2 aliyelazwa siku 8 bila mama yake kukaa naye, jinsi alivyokuwa anajikaza asilie na jinsi alivyobadilika. Madaktari wakakasirika. Ikachukua hadi mwaka 1959 kamati ya serikali, inayojulikana kwa jina la Platt, kupendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao muda wowote. Njoo sasa wodini kwetu: kila mtoto ana mama kitandani, ana bibi mkekani, ana shangazi anayeleta uji. Tumefika huko bila kamati, kwa sababu hakuna muuguzi wa kutosha wa kuwalisha watoto 41. Halafu wakaguzi wakija tunawafukuza hao ndugu ili wodi ionekane safi.

Nirudi. Somo la usingizi nililirudia kwa nguvu nilipokwenda kusoma diploma, na humo nikakutana na maswali ya Arthur Kleinman, daktari wa Marekani ambaye ni mwanaanthropolojia pia. Yeye na wenzake mwaka 1978 waliwashauri madaktari wamuulize mgonjwa mwenyewe: tatizo lako unaliitaje? Unadhani limesababishwa na nini? Kwa nini limeanza wakati huu? Unaogopa nini zaidi? Nikaona hii ndiyo dawa. Nikaandika maswali kwenye karatasi, nikayabandika ndani ya daftari langu la zamu.

Yakagoma. Ukimuuliza mama wa huku, "Wewe unadhani mtoto ana nini?" anakujibu, "Sijui, ninyi ndio wataalamu." Anajua kabisa. Lakini umemweka njia panda: akisema degedege atachekwa, akisema malaria atakuwa anamkana mama mkwe aliyesimama nyuma yake. Na swali lenyewe la "wewe unadhani nini" lina kiburi fulani masikioni mwa mtu wa Pwani, kama vile mtoto wa juzi anaulizwa fikra zake mbele ya wakubwa. Nilihangaika nalo karibu mwaka mzima. Siku moja nikiwa nimechoka nikalitoa hivihivi bila kupanga: "Na nyumbani wanasemaje?"

Mama akafunguka kama maji ya bomba. Nyumbani baba mkubwa anasema hivi, jirani anasema vile, bibi yake kaota, mganga kasema tusubiri siku tatu. Hakuna hata kimoja alichokisema ni chake, na vyote vilikuwa vyake. Tangu hapo ndilo swali langu. Kwa mjamzito anayechelewa kuja kujifungua: nyumbani wanasemaje? Kwa baba wa sukari anayeruka sindano za insulini: nyumbani wanasemaje? Yeye atakwambia, "Mke wangu anasema nikizizoea sitaacha," na hapo unajua wa kuongea naye ni nani, na kwamba hofu huenda si ya mke.

Na ukilisikiliza jibu, linakuonyesha pia nani mwenye kauli. John Janzen, aliyefanya utafiti kwa Wakongo wa Zaire ya chini na kuuchapisha mwaka 1978, alieleza kwamba kule mgonjwa hajipeleki kwa tabibu. Kuna kundi la ndugu linalokaa, linapima, linaamua aende kwa nani na lini abadilishe. Nani wa Pwani anahitaji kuelezwa hilo? Hata hivyo fomu zetu zinataka sahihi moja tu, na tunampa kalamu mama wa miaka 19 ambaye hajawahi kuamua hata nauli. Akikataa tunamwita mbishi. Akikubali, halafu usiku akatoroka na mtoto baada ya kupigiwa simu, tunaandika kwenye faili "ametoroka" na kufunga. Parsons alisema mgonjwa halaumiwi. Labda. Mama wa mgonjwa analaumiwa na pande zote mbili, kwetu kwa kuchelewa na kwao kwa kuharakisha.

Nieleze basi zamu moja ya masika ya mwaka juzi, niishie hapo.

Saa nne usiku. Mtoto wa kike, miaka miwili, kilo 10 na nusu, degedege. Mama, na nyuma yake mama mkwe, na juu ya mtoto kaniki. Nilihisi tumbo linanikata. Nikasema, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu." "Poleni na safari. Njoo umlaze hapa." Salamu hiyo ilichukua sekunde sita, nimewahi kuzipima kwa sababu wenzangu wanasema hakuna muda. Jina lake nikaliuliza hapohapo nikalitumia.

Zipo dawa ambazo kwa hesabu ya bibi si sindano. Diazepamu ya kutuliza degedege unaweza kuipitisha njia ya haja kubwa. Sukari, kijiko cha chai, unaiweka chini ya ulimi wakati unatafuta mshipa. Nikafanya hivyo kwanza, mikono ikiwa chini ya ile kaniki kwani sikuitoa, na degedege ikakatika. Kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha mistari miwili. Ndipo nikauliza: "Bibi, nyumbani wanasemaje?"

Wanasema asichomwe. Nani anasema? Baba wa mtoto yuko dago, kambi ya wavuvi, Mafia, anavua, simu haishiki. Mwenye kauli ni baba mkubwa. Namba yake? Bibi akaitoa kwenye pindo la kanga, kikaratasi kimekunjwa.

Artesuneti inakuja ikiwa unga. Unauyeyusha kwanza kwa maji ya bikaboneti hadi uwe mwangavu, halafu ndipo unaongeza maji ya chumvi. Nikaufanya huku simu iko begani. "Shikamoo baba. Mimi nesi wa wodi ya watoto, nina mwanenu hapa." Nikamweleza kwamba degedege imeshakatika, kwamba ile homa iliyoileta bado imo ndani, kwamba sindano hii si ile ya zamani, kwamba watoto wengi waliochomwa wakafa walikuwa wamefika wamechelewa na huyu hajachelewa. Sikumwambia hakuna dege. Sina ushahidi wa kumpinga mtu saa nne za usiku kwa simu, na dozi ilikuwa inasubiri. Akanyamaza. Akasema, "Mpe simu mama." Wakaongea Kindengereko, sikushika hata nusu. Mimi nimesimama na sindano mkononi, nikimtazama mtoto anavyopumua, nikijiambia kwamba nikiona pumzi inabadilika nachoma, na kauli za watu baadaye.

Simu ikarudi. "Nesi, mchomeni. Lakini kaniki isitolewe."

"Haitoki, baba."

Nikachoma. Saa kumi za alfajiri nikamsomesha bibi mambo ya dozi ya pili na ya tatu. Sikumuuliza "umeelewa?" kwa sababu kila mtu huelewa akiulizwa hivyo, na wanasaikolojia waliopima wameona kati ya asilimia 40 na 80 ya tunayoyasema hospitalini husahaulika hapohapo. Nilimwambia, "Baba mkubwa akipiga asubuhi, utamwambiaje?" Akanieleza. Alikosea saa za dozi ya pili, nikamrekebisha, akaeleza tena.

Kisha nikaandika kwenye karatasi ya dawa, ili wa zamu ya mchana wasije wakaharibu. Artesuneti. Dekstrosi. Parasetamoli. Na chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri: Kaniki, isitolewe.

Saa mbili asubuhi nilikuwa bado sijaondoka raundi ilipoanza. Daktari wetu mpya, kijana kutoka nyanda za juu, hana hata miezi mitatu Pwani, akaifikia karatasi ya yule binti, ambaye alikuwa amekaa anakunywa uji. Akapitisha kalamu mstari kwa mstari akitingisha kichwa. Akafika wa mwisho, akasimama.

"Sista, hii kaniki ni dawa ya kundi gani? Mbona hamkuandika dozi?"

Kabla sijafungua mdomo, bibi akajibu kutoka mkekani:

"Upande mmoja, baba. Usiku na mchana."